Mgonjwa wa Mlango wa Nyuma

Kwamba mimi ni mgonjwa niliambiwa na mwanangu, Jumatatu asubuhi, nikiwa ndio kwanza nimetoka bombani na ndoo ya maji kichwani.

"Mama," akasema, "tua ndoo hiyo. Wewe unaumwa."

Nikatua. Nikamuuliza naumwa nini.

"Hatujaamua bado," akasema.

Kwa wanaoanza kusoma leo, na kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hawajalimaliza, nitasema kwa kifupi tulikotoka.

Mwanangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka lake, mlango ukitazama barabara. Mke wake, mkwe wangu, alikuwa akifua shuka katika hospitali kubwa. Mwanzoni mwa mwaka hospitali ikatangaza kwamba inabana matumizi, na kuanzia sasa kila mgonjwa aje na shuka zake. Mkwe akashikwa mkono, akaambiwa ahsante, akarudi nyumbani.

Kisha uzi ukapandishwa kodi. Kisha sabuni. Tulipodhani wamechoka, ofisi ya mji ikaleta tozo ya mlango. Kila mlango wa biashara unaotazama barabara ulipiwe na ubandikwe stika. Usipokuwa na stika, unachukuliwa kitu unachofanyia kazi, kinapakiwa kwenye lori. Muuza mkaa wa kona alichukuliwa mizani yake. Sasa anapima kwa macho, na macho yake hayajawahi kumpunja yeye mwenyewe.

Sisi stika tulishindwa. Niliishia pale mwanangu alipopigilia misumari mlango wa mbele na kusema duka limekufa. Mkwe akalia. Mimi nikawasha jiko, maana anayelia naye hula.

Haya. Kumbe duka halikufa. Lilihama njia tu.

"Cherehani itabaki pale pale," mwanangu akanieleza siku hiyo ya ndoo. "Wateja ndio watazunguka. Watapita mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma ni wa chumba changu."

"Ndiyo, mama."

"Watu kutwa wanaingia na kutoka chumbani kwangu na vifurushi. Majirani watasema nini?"

"Watasema wanakuja kumwona mgonjwa. Nani atamuuliza mtu kwa nini anakwenda kumwona mgonjwa? Na mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Nilimwambia sijaumwa tangu siku niliyomzaa yeye, na hata siku ile nilikuwa na kazi zangu. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kifupi kinachotakiwa kutoa gauni. Cherehani ile ndiyo inayotulisha sote. Ikipanda lori, hapana kingine ndani ya nyumba kinachojua kuleta unga. Nikapanda kitandani.

Aliyenifundisha kuumwa ni mkwe. Amefua shuka za wagonjwa miaka mingi, hajui dawa hata moja, ila anajua mgonjwa anavyolala.

"Mama, mgonjwa hakunji miguu hivyo. Huyo ni mtu anayesubiri chai."

Nikanyoosha.

"Mkono mmoja uanguke nje ya shuka."

"Uanguke wapi?"

"Popote. Mgonjwa hachagui."

Tukapatana juu ya ishara. Kati yangu na cherehani pana mlango wenye pazia, basi. Akija mteja, nikohoe, mwanangu atoke ampime. Akija mtu wa tozo, nimwite marehemu mume wangu, ambaye siku zote za ndoa yetu nilimwita Seremala. Nikimwita Seremala, mwanangu aache kukanyaga cherehani, akae kimya. Kukohoa, mteja. Seremala, hatari. Hata kuku angeshika.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, mama mmoja mpole, na gauni lake ndani ya mfuko wa unga.

"Hodi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea," nikasema, nikakohoa.

Walipita wengi. Kitu nilichokuwa sikijui ni hiki: ukilala, watu wanakuambia mambo. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia shule imeagizwa kila chaki ikatwe vipande vitatu, na kipande cha tatu kikiisha mwalimu anaandika kwa ukucha. Muuza nyama alileta koti lake litiwe kiraka. Akaniambia siku hizi watu wananunua mfupa, halafu wanaomba karatasi kubwa, ili jirani adhani ni nyama.

"Unawapa?"

"Karatasi? Bibi, karatasi nayo imepanda."

Jirani yetu kinyozi hakuleta nguo. Yeye tozo ilimtoa barabarani mapema, akahamia bafuni kwake. Wateja wake wanapita na taulo begani. Mgeni angepita mtaani kwetu angedhani wanaume wa hapa wanaoga asubuhi hadi jioni. Kila akipata nafasi anaweka viwiko kwenye dirisha langu.

"Bibi, unakufa lini? Chumba chako kina mwanga kuliko bafu langu."

"Panga foleni. Mbele yako kuna mkwe na sufuria zangu."

"Nimekuja mapema ndiyo maana."

Nilicheka chini ya shuka. Nisingecheka kama ningejua alichokwisha kufanya. Kila aliyenyolewa bafuni alimwuliza habari za jirani, na yeye, mdomo wake ukiwa mwepesi kuliko wembe wake, akawajibu kwamba bibi hali yake siyo. Huyu akaongeza kidogo, yule akatia chumvi. Kufika Alhamisi nilikuwa nimeshapoteza kauli. Kufika Ijumaa, mama mmoja kwenye foleni ya bomba alimpa mkwe wangu pole ya msiba. Mkwe akasema bado. Yule mama akasema basi ataihifadhi.

Habari hizo zikamfikia Stika.

Stika ni kijana mrefu wa ofisi ya mji. Ndiye anayebandika, na ndiye anayetangulia mbele ya lori kuonyesha nyumba. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyewahi kumwuliza. Zamani alikuja kwa pikipiki ya ofisi. Mafuta yakakatwa, akaja kwa baiskeli. Baiskeli ikatoboka gurudumu, ofisi ikasema inabana matumizi.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejifunika mpaka kidevuni na jasho linanitiririka. Upande wa pili mwanangu anashona. Mtu akaingia taratibu, hakupiga hodi, jinsi watu wanavyoingia kwenye nyumba yenye mgonjwa mahututi. Akaketi kwenye kigoda. Nikafumbua jicho moja nimpime ni mteja wa namna gani.

Nikamwona Stika, bila kofia yake wala mkoba.

Nikafungua mdomo. "Sere..."

"Usiseme, bibi," akasema, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Nimesikia kusema kunakuchosha."

"Serema..."

"Shikamoo, bibi. Usiitikie. Pumzika."

Sijawahi kuzuiwa kufanya jambo kwa heshima nyingi namna ile. Nikafunga mdomo. Cherehani nayo haikufunga wa kwake. Ta-ta-ta-ta, upindo mrefu wa pazia la mtu.

Stika akainua sikio. "Ni nini hicho?"

"Meno yangu," nikasema. "Nina baridi."

Akanitazama. Mimi ni bibi mwenye meno manne. Lakini akavua koti lake akalitandaza juu ya zile shuka, na mimi nilikuwa tayari nimeiva.

"Nimekuja kukuona tu," akasema. "Bibi yangu aliyenilea aliugua nikiwa kazini, nabandika. Nikasema nimalizie mtaa huu kwanza." Akanirekebishia koti begani. "Mtaa ulikuwa mrefu."

Nikamwambia pole. Sauti ilitoka ya kweli, hata mimi nikashangaa.

Akaona kikombe cha maji pale chini. Akaninyanyua kichwa kwa mkono mmoja, akaninywesha kwa mwingine, taratibu, kama mtoto mwenye adabu. Ila mtu aliyelala chali akinyweshwa na mtu asiyejua kunywesha, maji hayaendi yanakotakiwa. Yakapita njia nyingine. Nikakohoa. Nikakohoa mpaka kitanda kikagongana na ukuta.

Cherehani ikanyamaza. Pazia likafunguka. Akatoka mwanangu, futi shingoni, sindano mdomoni, macho kwenye chaki anayoichonga.

"Karibu, mteja wetu," akasema. "Unapunguza au unaongeza?"

Stika akageuka, kikombe mkononi.

Mwanangu akainua macho. Sindano ikamtoka mdomoni, ikaanguka sakafuni, tukaisikia. Nikaona bora nimalize nilichoanza.

"Seremala," nikasema.

"Nimechelewa kusikia, mama," akasema mwanangu.

Mkwe akaingia na bakuli la uji, la kunifanya nionekane mgonjwa mbele ya wageni. Akamwona Stika, akamwona mumewe na futi yake, akaona pazia wazi na cherehani inang'aa mafuta katikati ya chumba. Akasimama na bakuli lake.

Stika akaweka kikombe chini. Halafu akasimama. Ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakiona alipokuwa ameketi. Suruali ya ofisi ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba, imejikunja mbele na nyuma, na ndani yake wangeingia Stika wawili na nafasi ya mkoba. Kijana amekonda amekuwa ng'onda.

"Ninapunguza," akasema.

"Kiasi gani?" akauliza mwanangu, maana ufundi haujui kunyamaza.

"Mpaka nilipofikia. Mshahara haujaonekana muda. Na ofisi haitoi tena sare mpya, wanasema tuvae zilizopo."

Mwanangu akampima. Futi ilizunguka kiuno ikabaki nyingi mkononi. Stika akaivua suruali nyuma ya mlango, akarudi amejifunga shuka yangu ya juu, akaketi mwisho wa kitanda maana kigoda kilikuwa kidogo kwa mtu aliyevaa shuka. Mkwe akampa bakuli. Mgonjwa haulizwi uji. Stika hakuulizwa, akanywa wote, akakwangua.

Upande wa pili mwanangu akaanza kufumua mshono.

"Sasa ngojeni niwaambie," Stika akasema, akiliangalia bakuli. "Lori linapita leo. Mkubwa wangu yumo mwenyewe. Mimi nimetangulia, nitawaelekeza. Wamesema mtaa huu mwezi mzima sijatoa kitu. Hata pasi. Anayerudi mikono mitupu safari hii, hahitajiki tena. Wanabana matumizi."

"Hata mimi waliniambia maneno hayo hayo," mkwe akasema. "Wakanishika mkono."

"Wewe walikushika mkono?"

"Ndiyo. Na ahsante."

Stika akatikisa kichwa polepole, kwa wivu. "Mwenzangu wa kanda ya pili aliambiwa na mlinzi getini."

Mwanangu akasimama kwenye pazia na suruali mkononi, miguu miwili imeachana. "Kwa hiyo umekuja kuchukua cherehani."

"Nilikuja kumjulia hali bibi. Cherehani nimeikuta."

"Na utaichukua?"

"Siichukui mimi. Mimi naonyesha tu kwa kidole. Wanaobeba ni wengine."

"Basi utaonyesha?"

"Nina mke," Stika akasema. "Nina mtoto ambaye hajui kutembea bado, na baba wa mke wangu ambaye hajui tena. Wote wanakula mkononi mwangu." Akajifunga shuka vizuri zaidi. "Bibi, wewe ungefanyaje?"

Wasomaji wangu, nimelala pale. Jibu nilikuwa nalo, tamu na refu, kuhusu dhuluma na Mungu anayeona. Nikamtazama zile mbavu. Nyumba iliyoachishwa kazi naijua harufu yake, nimeishi ndani yake tangu mwanzo wa mwaka. Unga unaanza kupimwa kwa kikombe badala ya bakuli, na watu wanakuwa na adabu sana mezani, kila mtu anasema ameshiba. Kijana huyu akiondoka bila kuonyesha kidole, hiyo ndiyo nyumba yake wiki ijayo. Akionyesha, ni yangu.

Nikajikuta namhurumia. Na huruma ni kitu kibaya sana kwa mtu mwenye cherehani moja.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema. "Usiniulize."

"Wewe si mgonjwa, bibi."

"Ulijua lini?"

"Kwenye meno."

Mkwe akageuza uso, mabega yanamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua.

"Utaamua lini?" mwanangu akauliza.

"Ngoja suruali iishe," Stika akasema. "Mtu hawezi kuamua jambo kubwa namna hii akiwa na shuka."

Ikawa ndiyo maneno ya mwisho. Mwanangu akarudi kwenye cherehani. Akapunguza kiuno, akapunguza mapaja, akakata kilichozidi. Ta-ta-ta. Stika akaegemeza mgongo ukutani asikilize. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, mitaa mitatu ya watu watatu, maana wenzake wawili wameshapunguzwa na mitaa haijapunguzwa. Tumbo lina uji. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi. Kikaenda kando.

Nikasogeza miguu yangu. Kisha nikaona kulala sote wawili si vizuri, nikashuka nikamwachia kitanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama mchana tangu Jumatatu, magoti yakalia. Stika akateleza ubavu ubavu mpaka akaupata mto. Mkono mmoja ukaanguka nje ya shuka.

"Huyo ndiye analala sawasawa," mkwe akaninong'oneza. "Mama, uliona? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakuambia."

Viwiko vikatua dirishani. Kinyozi.

"Lori liko kwa muuza mkaa," akasema haraka haraka. "Wanauliza yuko wapi kijana wao, bila yeye hawajui waanzie mlango gani. Milango yote ya barabarani wameikuta imepigwa misumari." Kisha akaona kitanda, akaniona mimi nimesimama. Akatazama huku, akatazama kule. "Bibi, huyu ndiye mgonjwa sasa?"

"Ndiye."

"Anaumwa nini?"

"Hatujaamua bado."

Kinyozi akamtazama tena, safari hii usoni. Akamtambua. Niliona anavyomtambua, kuanzia nywele, kama ilivyo kazi yake. Akaondoa kiwiko kimoja, halafu cha pili, akashuka chini ya dirisha bila kusema kitu. Sijawahi kumwona akiondoka mahali bila kusema kitu.

Ngurumo ya lori ikasikika kwenye kona. Inakuja, inasimama, inakuja. Sauti ya mwanamume ikaita jina mtaani, jina la kawaida kabisa, la mtoto wa mtu. Ikaita tena. Nikaelewa kwamba ndilo jina la Stika.

Mwanangu akatokeza kichwa kwenye pazia. Jasho limemlowesha mpaka kwenye kope.

"Mama. Nimebakiza upindo wa mguu mmoja. Nimalize nimwamshe?"

Mkwe akanitazama. Sauti ya nje ikaita mara ya tatu, karibu zaidi, na Stika akatikisa nyusi ndani ya usingizi, kama mtu anayetaka kuitikia.

Nikaenda pale kitandani. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Usiseme," nikamwambia. "Pumzika."

Nyusi zikatulia.

"Mama, nimalize?" mwanangu akauliza.

"Fumua," nikasema. "Anza tena kiunoni. Na ushone kwa mkono."

Akaenda. Cherehani haikulia tena. Kukabaki sauti ya uzi unaopita kwenye kitambaa, na nje breki za lori, mbele ya mlango wetu wenye misumari.

Stika akavuta shuka yangu mpaka begani, akageukia ukutani, akalala fofofo.